Manusura wa unyanyasaji kanisani asirudishwe kuomba msaada kwa waliomuumiza

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo linalowagusa watu wengi kuliko wanaothubutu kulitaja hadharani. Kila inapochapishwa habari ya kiongozi wa dini aliyemnyanyasa mtoto au muumini wake, mjadala huzunguka mambo mawili, yaani mtuhumiwa afanywe nini, na jina la kanisa limechafuka kiasi gani. Aliyeumizwa hutajwa katika aya ya pili, kisha hasikiki tena. Mimi niliumizwa nikiwa msichana, na mtu mwenye cheo kanisani, na kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikikaa na wenzangu wa madhehebu mbalimbali waliopitia hayohayo. Nataka kuandika juu ya huyo anayesahauliwa: aende wapi, amwambie nani kwanza, na kwa nini naamini kwamba msaada wake hauna budi kuanzia nje ya kanisa alimoumizwa, hata kama baadaye ataamua kubaki muumini wa kanisa hilohilo.

Aliyeumizwa na jirani aghalabu hukimbilia kanisani kutafuta faraja. Aliyeumizwa kanisani hana njia hiyo, maana aliyemtenda ndiye aliyembatiza mdogo wake, ndiye aliyemzika bibi yake, ndiye anayesikiliza maungamo ya mama yake. Familia nzima imefungamana na mahali pale: baba ni mzee wa kanisa, mama yumo katika umoja wa wanawake, kaka anaimba kwaya, na pengine ada ya shule inatoka katika ufadhili wa parokia. Mtoto anajua, hata kama hawezi kulieleza, kwamba akifungua kinywa hayo yote yatatikisika. Isitoshe, wengi wetu tuliambiwa kwamba tendo lenyewe lilikuwa sehemu ya maombi, au siri kati yetu na Mungu, au dalili kwamba tumeteuliwa kwa kazi maalumu. Aliyetendewa hivyo hukuta hata sala yake imeingiliwa, kiasi kwamba anapopiga magoti usiku kumwomba Mungu amtulize, sauti anayoisikia kichwani ni ya yule mtu.

Ndiyo maana wengi husema wakiwa wamechelewa sana, au wanakufa bila kusema. Tume ya Kifalme ya Australia, iliyochunguza kati ya mwaka 2013 na 2017 jinsi taasisi za kila aina zilivyoshughulikia unyanyasaji wa kingono wa watoto, ilisikiliza manusura zaidi ya 8,000 katika vikao vya faragha na ikabaini kwamba, kwa wastani, walichukua karibu miaka 24 kabla ya kumweleza mtu yeyote. Basi anayemuuliza manusura kwa nini hakusema siku ileile anamuuliza jambo ambalo wengi hawakuliweza. Wavulana hubanwa zaidi, kwa kuwa kijana aliyelawitiwa huogopa kwamba watu watautilia shaka uanaume wake kabla ya kumtilia shaka aliyemtenda. Watu wazima nao, wakiwamo watawa wa kike, huambiwa kwamba walikubali, kana kwamba mtu aliyeweka nadhiri ya utii anaweza kumkatalia kirahisi yule mwenye mamlaka ya kudai utii huo. Februari 2019 Papa Fransisko mwenyewe alikiri hadharani kwamba wapo mapadri na maaskofu waliowanyanyasa watawa.

Najua wako watakaosema kwamba kanisa lina vikao vyake, lina wazee wenye hekima, na kwamba mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Nawaheshimu wanaosema hivyo kwa nia njema, lakini historia haiwaungi mkono. John Smyth alikuwa wakili Mwingereza aliyejihusisha na kambi za vijana wa Kikristo, na aliwachapa vijana hao viboko hadi wakatoka damu. Mwaka 1982 taarifa ya matendo yake iliandikwa na kusomwa na viongozi wachache wa kidini, nayo ikabaki mikononi mwao bila kufikishwa polisi. Miaka miwili baadaye Smyth alihamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine, akawaumiza vijana wengine, kisha akaishia Afrika Kusini, alikofariki mwaka 2018 bila kupatikana na hatia kwa mambo hayo. Ripoti huru kuhusu suala hilo ilipotoka Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, kiongozi wa Kanisa Anglikana la Uingereza, alijiuzulu. Vijana wa Zimbabwe waliumizwa kwa sababu watu wenye heshima zao, ambao bila shaka walidhani wanalilinda kanisa, walilimaliza jambo nyumbani.

Wala hilo si la dhehebu moja. Mwaka 2022 uchunguzi uliofanywa ndani ya umoja wa makanisa ya Kibaptisti ya kusini mwa Marekani ulifichua kwamba maofisa wa makao makuu walikuwa wakitunza kwa siri orodha ya wahudumu waliotuhumiwa, huku manusura waliowaandikia wakipuuzwa au kuchukuliwa kama maadui. Nchini Ufaransa, tume huru iliyoongozwa na Jean-Marc Sauvé ilikadiria Oktoba 2021 kwamba tangu mwaka 1950 watoto wapatao 216,000 walinyanyaswa kingono na mapadri na watawa wa Kanisa Katoliki, na kwamba wakihesabiwa walionyanyaswa na walei waliofanya kazi katika taasisi za kanisa hilo idadi hufikia 330,000. Marie Collins wa Ireland, ambaye naye aliumizwa na padri akiwa mtoto, aliteuliwa mwaka 2014 kuwa mjumbe wa tume ya Papa ya kuwalinda watoto. Alijiuzulu mwaka 2017, na mojawapo ya sababu alizozitoa ni kwamba ofisi moja ya Vatikani ilikataa hata kuhakikisha kwamba barua za manusura zinajibiwa. Ikiwa mjumbe aliyeteuliwa na Papa alishindwa kuwapatia wenzake jibu la barua, msichana wa kwaya atapata nini kwenye kikao cha wazee?

Mimi naweza kueleza nilichokipata. Nilipokuwa mtu mzima nilijaribu njia ya ndani, nikaitwa kwenye kikao katika ofisi ya kanisa. Walikuwa wanaume watupu, wameketi upande mmoja wa meza ndefu, na kiti changu kimewekwa peke yake upande wa pili. Mwenyekiti alifungua kwa sala, akamwomba Bwana atuondolee roho ya mafarakano, na kabla sijasema neno nilikwishaelewa kwamba roho hiyo ni mimi. Niliulizwa nilikuwa nimevaa nini. Niliulizwa kama nilipiga kelele. Mwishoni karatasi iliyokwisha kuchapwa ilisogezwa mbele yangu, kalamu ikiwa juu yake, na ndani yake iliandikwa kwamba nimemsamehe ndugu yangu katika Kristo na kwamba sitalizungumza suala hili tena popote. Tarehe iliyochapwa juu ya karatasi hiyo ilikuwa ya siku mbili kabla ya kikao. Sikutia saini. Lakini nimekutana na wengi waliotia, wengine wakiwa na wazazi wao pembeni wakiwasihi wamalize, na ndiyo maana namwomba kila manusura asitie saini karatasi yoyote, hata ile inayoambatana na fedha za matibabu, kabla wakili asiyehusiana na kanisa hilo hajaisoma.

Muumini wa Kanisa Katoliki anapaswa kujua pia kwamba sheria ya kanisa lake haimfungi mdomo. Barua ya kisheria ya Papa Fransisko ya Mei 2019, Vos estis lux mundi, iliyofanywa kuwa ya kudumu mwaka 2023, inakataza mtoa taarifa kulazimishwa kunyamaza, na inawataka viongozi wampokee, wamsikilize, na wampatie msaada wa kiroho, wa kitabibu na wa kisaikolojia. Desemba 2019 siri ya kipapa, yaani kanuni ya usiri mkali ya Vatikani, nayo iliondolewa katika mashauri ya aina hii. Hata hivyo kuna jambo ambalo watu wengi hawalifahamu: anayemweleza padri mambo haya ndani ya kitubio pekee anakuwa ameyaeleza mahali ambapo siri ya maungamo inamzuia padri kuchukua hatua yoyote. Akitaka hatua ichukuliwe, ayaseme nje ya kitubio, na ikiwezekana kwa maandishi, abaki na nakala. Katika makanisa mengi yanayojitegemea hata kanuni hizo hazipo, kwa kuwa mwanzilishi ndiye mchungaji, ndiye mwenyekiti wa kikao, na ndiye atakayeamua kesi yake mwenyewe.

Aende wapi, basi? Kama tendo limetokea sasa hivi, hospitali hutangulia kila kikao na kila sala. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Dawa za kuzuia mimba zinaweza kusaidia hadi saa 120, nazo pia ni afadhali zitolewe mapema. Akiweza, asioge kabla ya kuonwa na daktari, na nguo alizokuwa amevaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu unaoharibu ushahidi. Aliyekwisha kuoga aende vilevile. Polisi nao waarifiwe, hasa ikiwa aliyeumizwa ni mtoto, na mtu mzima anayemsindikiza asikubali kurudishwa na kauli ya kwamba uongozi wa kanisa unalifanyia kazi.

Kama ni jambo la miaka mingi iliyopita, hakuna haraka ya namna hiyo, na hatua ya kwanza ni kumpata mtu mmoja wa kumweleza. Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu nimeona maisha yakigeuka kwa jinsi huyo wa kwanza alivyopokea maneno. Manusura haanzi na tukio zima. Hudondosha sentensi moja, mara nyingi katikati ya mazungumzo mengine, akiwa anaosha vyombo au yuko safarini, na huutazama uso wa msikilizaji. Uso huo ukionyesha kutoamini, au ukionyesha hofu juu ya jina la mchungaji, hunyamaza, na pengine hatasema tena. Kwa hiyo wewe uliyeambiwa, usidai maelezo yote, wala usiapishe mtu, wala usikimbilie kumwita mtuhumiwa ili waonane ana kwa ana. Mwambie kwamba unamwamini na kwamba kosa si lake, kisha muulize anataka nini kifanyike. Yaandike maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe. Usiwasimulie wengine bila idhini yake, isipokuwa pale ambapo aliyeumizwa ni mtoto au mtoto mwingine yumo hatarini, maana hapo huna budi kutoa taarifa kwa mamlaka.

Baada ya hapo huja suala la mshauri nasaha au mwanasaikolojia, na hapa ndipo makanisa mengi hujitolea, tena kwa dhati, kumtoa mshauri wao. Ushauri wangu kwa manusura ni kwamba aulize maswali kabla ya kuketi: nani anakulipa, nani ataziona kumbukumbu za mazungumzo yetu, je, utapeleka taarifa kwa askofu au kwa baraza la wazee, na je, umesomea kushughulikia kiwewe au umesomea uchungaji peke yake? Mshauri mzuri hachukizwi na maswali hayo. Yule aliyenisaidia mimi alianza kwa kuniuliza kama ningependa kukaa karibu na mlango au karibu na dirisha, na kama mlango ubaki wazi kidogo, kisha akaniambia kwamba naweza kuyasimamisha mazungumzo wakati wowote bila kutoa sababu. Tangu siku nilipoumizwa sikuwahi kuulizwa na mtu mwenye mamlaka ninapenda kitu gani. Kwa wasomaji wanaodhani kwamba haya ni mambo ya starehe, niseme kwamba Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2013 tiba za kisaikolojia zinazolenga kiwewe chenyewe kwa wenye msongo wa baada ya kiwewe, na likaonya kwamba dawa za kutuliza za jamii ya benzodiazepini zisitumiwe kupunguza dalili za msongo katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Tiba ipo, ina taratibu zake, na hailingani na kuombewa mara moja mbele ya madhabahu na kutangazwa kuwa umepona.

Na wapo manusura wenzetu. Mwaka 1988 mwanamke wa Marekani, Barbara Blaine, aliyenyanyaswa na padri akiwa bado msichana, alianzisha mtandao wa walionyanyaswa na mapadri, na manusura wakaanza kukutana bila kusubiri kibali cha askofu yeyote. Kikundi cha namna hiyo hakihitaji jengo wala usajili mkubwa. Kinahitaji watu wachache wanaotunza siri, wasiolazimishana kusimulia, na wasiopimana nani aliumizwa zaidi. Mahali ambapo hakuna kikundi, vituo vinavyowahudumia waliobakwa na mashirika ya msaada wa kisheria huwapokea pia walioumizwa kanisani, japokuwa wengi wetu hudhani kwamba ya kwetu ni tofauti mno hata hayatahusika huko.

Sasa niseme juu ya Maandiko, kwa sababu ndiyo silaha inayotumika zaidi kumrudisha manusura kimyani. Husomewa Zaburi ya 105, kwamba Mungu amekataza kuwagusa masihi wake, yaani wapakwa mafuta wake, na mchungaji akawekwa katika nafasi ya masihi huyo asiyeguswa. Naomba zaburi hiyo isomwe kuanzia mistari ya juu yake. Inawazungumzia watu wachache, wageni wasio na nchi, waliokuwa wakihama taifa hadi taifa, na inasema kwamba Mungu hakuruhusu mtu awaonee, hata wafalme akawakemea kwa ajili yao. Katika ofisi ile ya kanisa, mwenye meza ndefu na muhuri hakuwa mimi. Husomewa pia habari za kusamehe, na mimi siupingi msamaha, kwa kuwa wako wenzangu ambao msamaha umewapa pumzi. Ninachokataa ni msamaha unaodaiwa kama sharti la kupata msaada, unaoandaliwa na wengine, na ambao faida yake ya kwanza humwendea mkosaji anayerudi mimbarani Jumapili inayofuata. Kadhalika hakuna mwenye haki ya kumwambia manusura kwamba asipohudhuria ibada amemkana Mungu, wala kwamba akiendelea kuhudhuria basi hakuumia kweli. Wako waliohama dhehebu, wako waliobaki na wanaimba, wako ambao hawataki tena kusikia kengele. Wote wanastahili daktari yuleyule na wakili yuleyule.

Kanisa lenyewe lifanye nini, ikiwa linataka kusaidia kwa moyo mweupe? Lilipe, lakini lisisimamie. Australia imeonyesha kwamba inawezekana: mpango wa taifa wa fidia ulioanza Julai 2018 unaendeshwa na serikali, taasisi zilizohusika hubeba gharama, na manusura anayekubaliwa anaweza kupata fedha, ushauri nasaha, na, kama mwenyewe anataka, kuombwa radhi ana kwa ana na taasisi husika. Mpango huo una kasoro zake na manusura wengi wa huko wameulalamikia, hasa kwa ucheleweshaji, lakini msingi wake ni sahihi, kwa maana manusura halazimiki kumpigia magoti aliyemuumiza ili apate nauli ya kwenda kwa mwanasaikolojia. Kanisa dogo lisilo na serikali ya kulisimamia namna hiyo linaweza kufanya jambo linalofanana: likabidhi fedha za matibabu kwa hospitali au shirika lisilo lake, limsimamishe mtuhumiwa huduma wakati uchunguzi unaendelea, liwatangazie waumini kwamba yeyote mwenye taarifa azipeleke polisi, na lisimtume mtu yeyote nyumbani kwa manusura.

Ombi langu la mwisho, Mhariri, ni kwa gazeti lako. Mnapoandika habari hizi, msitaje kwa pamoja umri wa mtoto, jina la parokia na kazi ya baba yake, kwa sababu majirani huunganisha mambo hayo matatu asubuhi hiyohiyo na mtoto hujulikana. Msichapishe picha ya nyumba yao. Msiandike kana kwamba kulikuwa na makubaliano kati ya mtu mzima na mtoto. Na chini ya kila habari ya namna hiyo wekeni mistari michache inayoeleza hospitali, polisi na huduma za msaada wa kisheria zinapatikanaje, kwa kuwa nina hakika kwamba kila toleo lenye habari hiyo linasomwa na mtu ambaye hajamwambia yeyote.

Wako,
Manusura
(Jina na anwani vimehifadhiwa)